Pazia la Ghorofa ya Kumi na Moja

Alichagua Jumanne, mwezi wa Mei,
siku ambayo tiketi ya basi kutoka Montevideo
hushuka bei kama samaki wa jana.
Mkate ndani ya leso, mayai mawili ya kuchemsha,
chupa ya maji ya moto kwapani
kama mtoto anayekataa kushuka.
Kinywaji chao huitwa mate (msomaji, usicheke),
majani machungu ndani ya kibuyu, mrija wa chuma,
na ni aibu kunywa peke yako mbele ya jirani.

Jirani yake alilala hadi Punta del Este.
Odilia hakulala. Alihesabu ng'ombe,
halafu mikaratusi,
halafu, ghafla, mabwawa ya kuogelea.

Msimu ukiisha, utajiri huachwa pale
kama kiti kilichofunikwa shuka.
Duka la saa limefungwa, taa zake zawaka;
zinamwakia nani?
Mkahawa mmoja u wazi. Alisoma bei ya kahawa mlangoni,
akaisoma tena, kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama,
akaenda kukaa bandarini, kwenye ukuta wa bure.
Simba-bahari wanene walijilaza gatini
wakimngoja muuza samaki arushe vichwa na matumbo.
Walikula, wakapiga chafya, wakasinzia.
"Ninyi mmeuweza mji huu," aliwaambia, akamenya yai.

Hakuja kuona bahari, lakini.
Maji anayo kwao, mapana, rangi ya chai ya maziwa.
Alikuja kuona pazia.

Mwaka ule, vidole vyake vikiwa bado vyepesi,
karakana ya Fagúndez, cherehani kumi na nne,
uliingia mzigo wa kitani rangi ya mchanga mkavu:
jengo la Las Toninas, ghorofa ya kumi na moja,
mita arobaini, upindo wa mkono, na haraka.
Usiku wa tatu sindano ilimdunga kidole cha shahada.
Tone likanywewa na upindo.
Alilifunika kwa fundo la uzi,
asimwambie mtu miaka thelathini na mmoja.

Sasa alisimama chini, shingo nyuma,
akihesabu ghorofa kwa kidole kilekile.
Alikosea. Alianza upya.
Kumi na moja: luva zimeshushwa.
Kumi: luva. Kumi na mbili: luva.
Jengo zima limevaa kofia hadi kidevuni.

"Unamtafuta nani, mama?"
Bawabu, Wílmar, mtu wa Rocha, fagio mkononi.
Angeweza kusema, napita tu.
Alisema, "Pazia."

Hakucheka. Alimshusha ngazi za nyuma,
wakapita mapipa, wakapita tangi linalonguruma,
hadi chumbani kwake, chumba kisicho na dirisha.
Na ukutani, kutoka darini hadi sakafuni, kitani.
"Walilitupa zamani. Hawa hutupa hata kipya.
Ukuta mtupu unachosha, unajua?
Ukiutundikia pazia, macho yanakubali
kwamba nyuma yake kuna kitu."

Odilia alipiga magoti, si kwa kuomba.
Aligeuza upindo, shubiri kwa shubiri, vidole vikisoma.
Hapa. Fundo.
Chini ya fundo, doa la kahawia,
dogo kama kichwa cha siafu.

Maji ya chupa yalikuwa yamepoa. Wílmar alichemsha mengine.
Walikunywa kwa zamu, mrija mmoja, vinywa viwili
(haya, sasa cheka),
wakiutazama ule ukuta
kana kwamba nje kunakucha.

Basi la saa kumi na mbili lilikuwa na abiria watano.
Giza liliwameza ng'ombe wote.
Jambo moja tu lilimkera hadi kwake mlangoni:
kona ya kushoto imeanza kufumuka,
na leo, katika siku zote za maisha yake,
hakubeba sindano.